Kusafirisha kwa Trela na Kuhifadhi Nchi Kavu Mashua ya Tanga Uliyoiunda Mwenyewe

Mashua ya plaiwudi iliyoundwa nyumbani huumia zaidi nchi kavu kuliko baharini. Inapoelea, maji huibeba kwa usawa kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na hakuna ubao hata mmoja unaobeba zaidi ya sehemu yake. Ikipandishwa juu ya trela, uzito uleule hukaa juu ya sehemu chache ambazo aliyechora ramani ya mashua huenda hakuzifikiria, kisha kila shimo la barabara hupiga hapohapo. Ikishafika nyumbani, maji ya mvua hujikusanya ndani yake kwa wiki nzima bila mtu kuitazama. Kwa hiyo kila nitakaloeleza hapa linalenga mambo mawili: uzito ukae pale penye mifupa ya mashua, na maji yapate njia ya kutoka.

Nina mashua za aina fulani akilini: za urefu wa mita 4 hadi 5.5, zilizoundwa kwa plaiwudi na epoksi, zenye uzito wa kilo 100 hadi 300 bila vifaa, zinazotumika katika mwambao wa Tanzania na Kenya. Mtu wa Mwanza, Kisumu au Naivasha atapata mengi ya kumfaa, ila yeye hana chumvi ya kuhangaika nayo. Mwenye dau au mashua ya mbao nene iliyotiwa kalafati (pamba ya kuziba mianya) ajue kwamba mahitaji ya chombo chake ni tofauti kabisa, na karibu ni kinyume. Mbao zake zikikaushwa mno juani husinyaa, mianya hufunguka na kalafati hulegea, ndiyo maana chombo cha namna hiyo hakiachwi kavu kwa muda mrefu bila kivuli. Cha plaiwudi kinataka kukauka, tena kukauka kwelikweli.

Kama bado hujaanza kuunda, fikiria usafiri wakati huu unapochagua ramani. Mfano mzuri ni Mirror, mashua ndogo ya plaiwudi iliyobuniwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Jack Holt na Barry Bucknell ili mtu wa kawaida aweze kuiunda nyumbani. Urefu wake ni mita 3.3 na bodi lake (mashua tupu, bila miti na matanga) lina uzito wa kilo 45 na nusu, hivyo watu wawili huinyanyua na kuifunga juu ya paa la gari bila trela yoyote. Waliichagulia mlingoti mfupi wenye foromali (mti wa kushikia tanga) inayopandishwa juu yake, na miti yote ya tanga hutoshea ndani ya mashua ikiwa safarini. Mashua yenye mlingoti wa kipande kimoja wa mita 6 au 7 haikupi raha hiyo, na utalazimika kuutafutia mlingoti mahali pake kwenye trela.

Ujue uzito na mahali unapokaa

Uzito ulioandikwa kwenye ramani ni wa mashua ya mchoraji, si yako. Epoksi iliyopakwa kwa ukarimu, ubao mzito uliopatikana dukani badala ya mwepesi ulioelekezwa, na rangi ya tabaka kadhaa huongeza kilo nyingi. Pima mwenyewe. Ning'iniza omo kwa mizani ya kutundika huku tezi ikiegemea gogo, usome, kisha ufanye hivyo upande wa pili, na ujumlishe. Gogo na ndoano viwe kwenye ncha kabisa, la sivyo hesabu itapotoka.

Baada ya hapo tafuta mahali mashua inapojilinganisha. Weka bomba la chuma chini ya mkuku (uti wa chini wa mashua), juu ya sakafu ngumu, uisogeze mashua mbele na nyuma hadi ibaki imelingana kama mizani. Piga alama ya penseli ubavuni mahali hapo. Alama hiyo ndiyo itakayokuambia ekseli ya trela iwe wapi, na hakuna kipimo kingine chenye thamani kubwa zaidi katika kazi hii yote.

Trela iliyosheheni inatakiwa kukandamiza kiungo cha gari kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake wote. Ikikandamiza kidogo kuliko hapo, au mbaya zaidi ikivuta kiungo juu, mkia wa trela huanza kuyumba kulia na kushoto kadiri mwendo unavyoongezeka, na yumbo hilo linaweza kulipindua gari lenyewe. Ikikandamiza kupita kiasi, nyuma ya gari huinama na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Hesabu yake ni rahisi. Chukua trela na mashua vyenye jumla ya kilo 350, umbali wa mita 4 kutoka ekseli hadi kiungo, na mkandamizo wa kilo 25 unaoutaka. Zidisha 25 kwa 4, ugawe kwa 350, utapata takriban mita 0.29. Maana yake ni kwamba kitovu cha uzito wa vyote kwa pamoja kiwe sentimita 29 mbele ya ekseli. Hakikisha kwa vitendo: weka mizani ya bafuni chini ya kichwa cha trela, kikiwa kwenye kimo kilekile kitakachokuwa kikifungwa garini. Kumbuka pia kwamba injini ndogo ya nje ikiachwa imening'inia tezi itabadilisha hesabu hii yote, basi ipakie ndani ya gari.

Kuchagua au kuchomelea trela

Wengi wetu hatununui trela ya mashua iliyo tayari. Tunakwenda kwa fundi wa kuchomelea na mchoro mkononi. Hilo si jambo la kusikitikia, kwa sababu trela iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi lako italibeba vizuri kuliko ile iliyotengenezwa kwa ajili ya boti ya fiba ya mtu mwingine. Yapo mambo machache ya kumsisitizia fundi.

Magurudumu yawe ya ukubwa wa gari dogo la kawaida. Yale madogo sana huzunguka mara nyingi mno kwenye barabara kuu, hupasha moto beringi, na hutumbukia kwenye mashimo ambayo gurudumu kubwa hupita juu yake. Ukichagua saizi inayouzwa kila mahali, na beringi zake pia zikawa za gari linalojulikana, utapata spea Lindi, Pangani au Malindi bila kuagiza mjini. Springi ziwe laini kulingana na mzigo. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuweka springi za pikapu ya tani moja chini ya mashua ya kilo 200: hazinepi hata kidogo, na trela hurukaruka mpaka mashua ipasuke maungio.

Bomba la mraba huoza kutoka ndani. Maji ya chumvi huingia kupitia tundu dogo la kuchomelea, hukaa humo, na siku chuma kinapotoboka nje huwa ndani hakuna kitu tena. Ama uzibe ncha zote zisipitishe hata hewa, ama, na hili ndilo bora, uziache wazi na kutoboa matundu chini ili uweze kusukuma maji baridi (yasiyo na chumvi) ndani kwa mpira kila unapotoka baharini. Chuma cha pembe na cha mfereji huoshwa na kupakwa rangi kwa urahisi zaidi kwa kuwa pande zake zote zinaonekana. Ukiweza kugharimia kuchovya fremu yote katika zinki, fanya hivyo baada ya uchomeleaji wote kukamilika, si kabla.

Tufe la kiungo na kichwa cha trela vilingane kwa saizi kamili. Tufe la milimita 50 na lile la inchi 2 hutofautiana kwa chini ya milimita moja kwa upana, lakini kichwa cha 50 hakifungi vizuri juu ya la inchi 2, na kichwa cha inchi 2 hucheza juu ya la 50. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma. Weka na mnyororo wa usalama, upite chini ya kiungo, ili kichwa kikichomoka mkono wa trela udakwe kabla haujagonga lami.

Trela husajiliwa na kuwa na namba yake. Tanzania kazi hiyo iko chini ya TRA (mamlaka ya mapato) na Kenya chini ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani). Taa za breki, za kuonyesha upande na za nyuma ni lazima. Zifunge kwenye ubao mmoja unaofungwa tezi ya mashua na kuvuliwa kabla ya kuingia majini, nazo zitadumu miaka. Zilizofungwa moja kwa moja kwenye fremu hufa baada ya kuzamishwa mara chache.

Mahali mashua inapolalia

Hapa ndipo aliyeunda mashua kwa mikono yake anapomzidi kila mnunuzi, kwa sababu anajua palipo na taruma (mbavu za ndani za mashua), palipo na ukuta wa ndani, na palipo na plaiwudi tupu ya milimita 6 isiyo na kitu nyuma yake. Ile tupu isiguse chochote. Uzito mkubwa ubebwe na mkuku, juu ya roli za mpira au juu ya ubao mrefu, na mbao mbili za pembeni ziwe za kuizuia mashua isiinamie upande, si za kuibeba.

Ili kupata umbo la mbao za kulalia, pindua mashua au izungukie ikiwa juu ya magadi (miti ya kuegemeza chombo), chukua kipande cha boksi gumu na ukisimamishe dhidi ya bodi mahali penye taruma. Chukua penseli iliyofungwa kwenye kipande kidogo cha mbao, uburuze mbao hiyo kwenye bodi huku penseli ikichora kwenye boksi. Kata, jaribu, rekebisha, mpaka usione mwanga kati ya boksi na mashua. Hamishia umbo hilo kwenye ubao wa unene wa milimita 40 hivi, ukate, ulainishe kwa msasa, na uupake epoksi kwenye ncha zote. Rudia kwa kila taruma utakayoiegemeza. Juu yake gongomea kipande cha mpira au zulia. Zulia ni laini zaidi kwa rangi, lakini hushika chumvi na mchanga, na mchanga huo hugeuka msasa safari nzima, basi lioshwe kila mara. Misumari na skrubu zizame chini kabisa ya uso wa mpira, tena ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu.

Ubao wa tezi lazima uegemezwe. Trela fupi inayoiacha tezi ikining'inia hewani kwa nusu mita huruhusu chini ya mashua kunepa taratibu, na baada ya msimu mmoja au miwili utakuta tumbo la nyuma limejikunja kuelekea chini. Mashua yenye mkunjo huo huburuza maji na haikimbii tena kama ilivyokuwa, na kuinyosha ni kazi kubwa kuliko kuongeza roli moja nyuma.

Winchi na mkanda wake vipo kwa ajili ya kuvuta mashua ipande. Havitoshi kuifunga safarini. Omo isukumwe hadi iguse kizuizi cha mpira, kisha ifungwe kwa kamba nyingine iendayo chini na mbele, kwa kuwa gari likifunga breki ghafla mashua hutaka kuendelea na safari. Tezini pitisha mkanda mmoja mpana juu ya ukuta wa ndani au penye taruma. Mikanda ya racheti ina nguvu za kutisha, na mtu mmoja kwa mkono mmoja anaweza kuvunja ukingo wa mashua nyepesi. Kaza mpaka mashua na trela vitikisike kwa pamoja, halafu uache. Chini ya mkanda, kwenye kona za ukingo, weka kipande cha zulia. Msokote mkanda mara moja kabla ya kuukaza, maana mkanda ulionyooka hupiga kelele na kutetemeka kwenye upepo hadi ujikate.

Barabarani

Toa usukani. Ubao wa katikati unaoshushwa majini ufungwe juu kwa pini na kwa kamba pia, kwa kuwa ukidondoka safarini utagonga lami na kung'oa kasha lake, na maungio ya kasha hilo ndiyo magumu kuliko yote kuyatengeneza upya. Makasia, ndoo, nanga na chochote kinachoweza kuruka viingie garini. Mlingoti ulazwe juu ya egemeo tatu, la katikati lisisahauliwe, na ncha inayotokeza nyuma ifungwe kitambaa chekundu. Nyaya na henza (kamba za kupandishia tanga) zifungwe kwenye mlingoti kila baada ya hatua moja ili zisipige. Turubai livuliwe, isipokuwa liwe limekatwa kwa umbo la mashua na kubana kama ngoma. Lililolegea hupigapiga na kufuta rangi hadi mbao mpyampya zionekane.

Simama baada ya kilomita 10 au 15 za mwanzo. Gusa kila habu (kitovu cha gurudumu) kwa kiganja: joto la kawaida linavumilika, lakini ukilazimika kuondoa mkono, beringi imekazwa kupita kiasi au haina grisi. Gusa mikanda, kwa sababu mashua imekwisha kujiweka na mikanda imelegea. Kaza nati za magurudumu, hasa kama zilifunguliwa hivi karibuni. Baada ya hapo rudia ukaguzi kila unaposimama.

Matuta ndiyo adui mkuu wa safari hii. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga, au kutoka Mombasa hadi Malindi, utavuka mengi, na yasiyo na alama ndiyo hatari zaidi. Lipande tuta likiwa limenyooka mbele yako, magurudumu yote mawili ya trela yakipanda kwa pamoja, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Anayetoka pwani kwenda Naivasha hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari kabla ya kuteremka Bonde la Ufa, na huko kwenye miteremko gia ndogo ndiyo breki yake. Trela hizi kwa kawaida hazina breki zao, kwa hiyo acha nafasi mara mbili ya uliyoizoea mbele yako. Usisafiri usiku. Sisemi hivyo kwa woga. Trela haionekani vizuri kwa dereva wa basi anayekuja nyuma, na shimo halionekani kwako.

Pwani na majini

Panga kila kitu kwa maji. Katika mwambao wetu, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3, na kwenye fukwe zilizolala hiyo ni tofauti ya mamia ya hatua za tope na mwamba. Shusha mashua maji yakiwa yanajaa, saa moja au mbili kabla hayajafika ukomo, ili trela ikizama kwenye mchanga maji yenyewe yakusaidie, na rudi karibu na wakati kama huo. Anayeshusha mashua maji yanapotoka anaweza kujikuta ana trela iliyokwama, mashua iliyolala upande, na saa nyingi za kungoja.

Ukifika, usikimbilie majini. Habu iliyotoka barabarani ina moto na hewa iliyo ndani yake imetanuka. Ukiitumbukiza baharini ikiwa bado na moto, hewa husinyaa na kuvuta maji ya chumvi yapite kwenye sili hadi kwenye beringi. Tumia nusu saa hiyo ya kupoa kusimamisha mlingoti. Na kabla ya kuusimamisha, inua macho utazame juu, hapo ulipo na njia yote hadi majini. Mlingoti wa aluminiamu au nyaya zake zikigusa waya wa umeme humuua anayeushika. Ukiona waya popote karibu, sogea kwanza.

Gari lisiingie maji ya chumvi. Funga kamba ndefu kati ya gari lililo kwenye ardhi ngumu na trela, uishushe trela kwa mikono. Mchanga laini unavumilika ukipunguza upepo wa matairi ya trela na kutandika mbao mbili mbele yake, au makuti makavu kama mbao hazipo. Kwa mashua iliyo chini ya kilo 150, watu wanne wanaoinyanyua kwa amri ya mtu mmoja ni salama kwa mashua kuliko winchi inayoivuta ikiwa imepinda.

Kuiweka mashua likizo

Mwambao wetu una msimu unaojichagulia wenyewe wakati wa kupumzisha mashua ndogo: masika, kuanzia Machi hadi Mei, ikifuatwa na kusi kali la katikati ya mwaka. Miezi ya masika ndiyo yenye mvua na unyevu mwingi zaidi, yaani mashua inahifadhiwa katika hali mbaya kuliko zote.

Anza kwa maji baridi mengi. Osha nje, ndani, chini ya sakafu, ndani ya kasha la ubao wa katikati, na ndani ya vyumba vya hewa (vile vya kuisaidia mashua kuelea) kama viliwahi kuingiza maji. Chumvi iliyobaki hunyonya unyevu hewani, na mbao zilizo karibu nayo hazikauki hata jua likiwaka. Kisha kausha: fungua milango yote ya vyumba vya hewa, toa kizibo cha tezini, inua omo, uache upepo upite kwa siku kadhaa za jua kabla ya kufunika. Kuvu ya kuozesha mbao haiwezi kukua unyevu wa mbao ukibaki chini ya takriban asilimia 20, na plaiwudi iliyokaushwa na kupata hewa hubaki chini ya hapo. Milango hiyo isifungwe tena hadi siku ya kurudi baharini. Chumba cha hewa kilichofungwa kikiwa na kikombe kimoja cha maji ndani huoza kutoka ndani huku nje rangi iking'aa.

Kila mahali rangi ilipokwaruzika, hasa kwenye ncha za plaiwudi ambako tabaka zake zinaonekana, pasafishwe, pakauke, papakwe epoksi na rangi sasa, si baada ya mvua. Ncha hizo hunywa maji kwa kasi isiyo na mfano. Epoksi nayo, peke yake, haivumilii jua letu. Isipofunikwa kwa rangi au vanishi yenye kinga ya jua hubadilika rangi, hupauka na hatimaye humenyeka. Kwa sababu hiyohiyo napendelea rangi nyeupe au ya krimu kuliko buluu iliyokoza, ambayo adhuhuri hupata moto mpaka mkono usiweze kukaa juu yake.

Mashua nyepesi ipinduliwe, ilale kifudifudi juu ya magogo mawili yaliyowekwa chini ya kuta za ndani, angalau nusu mita kutoka ardhini. Nzito ibaki juu ya trela, omo juu, kizibo nje. Na ifunikwe. Wengi hawatambui uzito wa mvua: milimita 100 za mvua, kiasi ambacho masika yanaweza kumwaga kwa siku moja, juu ya mashua wazi yenye eneo la mita 5 za mraba, ni lita 500 za maji, nusu tani, ndani ya mashua ya kilo 200 iliyolalia mbao nne. Mataruma huvunjika kwa jambo hilo, bila dhoruba yoyote.

Turubai liwekwe juu ya mti mrefu unaopita katikati kama paa la nyumba, literemke pande zote mbili hadi nje ya ukingo, na ncha za omo na tezi ziachwe wazi ili hewa ipite. Lisilale juu ya mashua. Turubai lililobana bodi hufungia mvuke na kuozesha kile lilichokuja kukilinda. Banda la makuti ni bora kuliko turubai lolote, maana lina kivuli na hewa kwa pamoja, nami ningetumia fedha kwenye banda kabla ya kununua tanga jipya.

Angalia mahali penyewe. Chini ya mnazi hapafai kabisa, kwani nazi moja hupasua plaiwudi ya milimita 6. Mti wa kuegemeza usisimame juu ya udongo, kwa sababu mchwa hupanda kupitia humo. Weka tofali la saruji chini ya kila mguu na kila wiki utazame kama kuna njia za udongo zinazopanda. Nyigu hujenga ndani ya mlingoti wenye uwazi, hivyo ziba ncha zake kwa wavu mwembamba, si kwa kizibo kisichopitisha hewa.

Tanga lioshwe kwa maji baridi, likauke kivulini kabisa, livingirishwe juu ya bomba la plastiki badala ya kukunjwa kwenye mikunjo ileile, na litundikwe darini mahali panya hawafiki. Kamba na henza zioshwe vivyo hivyo. Kamba yenye chumvi hukakamaa na kujikata yenyewe kwa ndani.

Trela nayo ipandishwe juu ya matofali kwenye fremu, karibu na ekseli, magurudumu yabaki hewani au yavuliwe na kuwekwa ndani. Hilo huokoa matairi, na mwizi hapati cha kuvuta. Fungua habu, toa grisi yote ya zamani, na uitazame: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Safisha beringi kwa mafuta ya taa, zikaushe, zizungushe polepole sikioni. Zinazokwaruza zibadilishwe pamoja na vikombe vyake na sili. Grisi mpya, ya aina inayostahimili maji, ishindiliwe kwa kiganja hadi itokee upande wa pili, sio kupakwa juujuu.

Mara moja kila mwezi, na kila baada ya mvua kubwa, inua turubai. Ingiza mkono mahali pa chini kabisa pa ndani ya mashua uone kama pana unyevu. Gongagonga kwa mpini wa bisibisi kuzunguka ubao wa tezi, chini ya ukingo na kando ya kasha la ubao wa katikati. Mbao nzima hujibu kwa mlio mkali, iliyoanza kuoza hutoa mlio mzito. Ukisikia mlio huo, usisubiri msimu uishe: kwangua rangi hapo, acha pakauke, na ukate hadi ufikie mbao safi kabla ya kuziba kwa kipande kipya na epoksi.

Siku ya kurudi majini, kabla ya kufunga mkanda wowote, rudisha kizibo cha tezini na ukikaze.